Mistari Arobaini ya Mwalimu

Kusabuchi, Oita
11 Oktoba 1992

Chisato,

Mimi mzima, magoti ndiyo yanayouma, na wewe bila shaka hujala. Salamu zimekwisha, tuongee.

Karatasi yako yenye vitone imefika. Mtu wa posta ameikunja katikati, ingawa uliandika "usikunje" kwa herufi za kumtosha kipofu. Nimemwambia mbele ya watu kwamba mikono yake ni ya kubebea mbolea.

Umeniuliza kama huo msuko ni kagome ya kweli. Wewe mtoto, nasuka kagome tangu nina miaka kumi na mbili, tangu siku baba aliponitoa shule akaniketisha mbele ya rundo la mianzi. Matundu ya pembe sita, pembetatu zinazoyazunguka, fito zinazopita njia tatu. Ndiyo, ni yenyewe. Kwamba wasomi wameuazima msuko wetu pamoja na jina lake wakaupeleka chuo kikuu, bila hata kuja kusema asante, hilo nitalisema siku nyingine.

Kiangazi ulinieleza kazi yako nikajifanya sielewi, ili ule kwanza. Nilielewa. Kila fito zinapokutana unaweka kisindano cha sumaku. Kisindano kinatazama juu au kinatazama chini, na kila kimoja kinataka kuwa kinyume na jirani yake. Viwili vitaelewana. Lakini kwenye pembetatu viko vitatu, na hicho cha tatu kikitazama juu kinamkera huyu, kikitazama chini kinamkera yule. Hilo ndilo la kusomea miaka tisa? Ungetuuliza mimi, babu yako na mama mkwe wangu tulivyokuwa tunaishi kwenye jiko moja.

Ukasema vitu vingi ukivipoza hujipanga kama wanafunzi uwanjani, na kwamba Mwalimu wako Hirabayashi alipata jina mwaka 1975 kwa kuonyesha kwamba hata hivi vibishi vyako, baridi ikifika kiasi fulani, vinatii na kushika mchoro mmoja.

Basi sikiliza. Nimeitazama karatasi kwa miwani miwili, kitone kimoja kisindano kimoja. Pembeni mchoro umenyooka. Ukiingia ndani unalegea. Katikati kila kimoja kinafanya kinachotaka. Kapu la namna hiyo nalijua. Limefungwa mdomo kabla mwili haujasukwa. Wachuuzi wa mjini wanatuletea, mazuri kwa macho. Mimi huchukua kisu nikakata kamba ya mdomo papo hapo mbele yao. Kapu lililosukwa linabaki kapu. La kulazimishwa linalala chini kama mlevi.

Nani amelifunga mdomo hili? Kama ni wewe, aibu.

Nimekutumia uyoga mkavu. Uuloweke, usiutafune hivyo hivyo kama mwaka jana.

Bibi yako,
Anan Kinue


Fukuoka
26 Oktoba 1992

Bibi, shikamoo,

Uyoga nimeuloweka. Sasa kaa chini.

Sikulifunga mimi. Hapa kwetu kila mwanafunzi akiingia anapewa programu ya kompyuta ya Mwalimu. Kaka yako wa chuo, aliyetangulia, anakukabidhi kwa mikono miwili, na anakuambia neno lile lile aliloambiwa yeye: mistari arobaini ya kwanza haiguswi. Ni ya Mwalimu mwenyewe. Unaanza kazi yako kwenye mstari wa arobaini na moja. Nimeitumia miaka minne na sijawahi kuisoma hiyo arobaini. Nani asome? Ni kama kufungua droo ya mwenye nyumba.

Barua yako ilipofika nikaifungua. Nimesoma asubuhi nzima, kama mwizi. Mstari wa ishirini na saba, Bibi. Visindano vyote vya ukingoni vimefungwa. Vimewekwa tayari katika ule mchoro ambao Mwalimu alisema vinaufikia vyenyewe. Karatasi ya mwaka 1975 ilikuwa ndogo, kwa hiyo amri ya ukingo ilifika mpaka katikati. Zangu ni kubwa, haifiki.

Nikafanya kama wewe kwa wale wachuuzi. Nikaukata. Nikaunganisha upande wa kulia na wa kushoto, wa juu na wa chini, pasiwe na ukingo kabisa.

Hakuna mchoro. Kwenye baridi ile ile ya Mwalimu havijipangi. Vinaendelea kubishana, kila kimoja mahali pake, na vinaweza kubishana kwa njia nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Nimecheka peke yangu chumbani. Nikakukumbuka.

Chisato


Kusabuchi
3 Novemba 1992

Chisato,

Sijui kama hiyo ni sifa au tusi, lakini nimeipokea.

Mimi navipenda hivyo visindano vyako. Vimepozwa mpaka hapo na bado vinakataa. Wanaume wengi wa kijiji hiki wakipata ubaridi kidogo tu wanainama.

Mwambie mwalimu wako. Usizunguke, usianze na hali ya hewa. Sema, "Mwalimu, mstari wa ishirini na saba," kisha unyamaze. Mtu mzima akionyeshwa kosa lake ana mambo mawili tu ya kufanya, na utajua yeye ni wa namna gani kabla chai haijapoa.

Kinue


Fukuoka
6 Desemba 1992

Bibi mpendwa,

Natumaini unaendelea vizuri katika baridi hii inayozidi. Mimi pia ninaendelea vizuri. Kazi inakwenda kama ilivyopangwa. Kwa bahati mbaya mwaka mpya huu sitaweza kuja nyumbani kwa kuwa nina mambo ya kukamilisha. Tafadhali tunza afya yako.

Wako,
Chisato


Kusabuchi
14 Desemba 1992

Kwa Bwana Mwalimu Hirabayashi,

Mimi ni bibi yake Anan Chisato. Nimemlea tangu ana miaka sita, baada ya wazazi wake kufariki. Sina elimu, kwa hiyo nitasema moja kwa moja na wewe utasamehe, na usiposamehe pia ni sawa.

Mtoto huyu hajawahi kuniandikia barua yenye adabu. Wiki iliyopita ameniandikia moja. Mistari imenyooka, hakuna mzaha, hakuna wino uliomwagika. Inasomeka kama barua ya benki. Nikajua kuna mtu amemkalia.

Ni wewe?

Alikuonyesha mstari wa ishirini na saba. Usishangae kwamba naujua. Mimi ndiye niliyeona, kwenye karatasi yake, kwamba mdomo wa kapu ulifungwa kwanza. Si kosa kubwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza makapu mia mbili ya mianzi iliyokatwa majira mabaya, wadudu wakala yote, nikaenda nyumba kwa nyumba nikainama. Shingo haikuvunjika.

Kama umemwambia anyamaze, umefanya jambo dogo. Nijibu. Nasoma polepole lakini nasoma.

Anan Kinue


Fukuoka
8 Januari 1993

Mama Anan mheshimiwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hakuna aliyeniandikia hivyo kwa miaka thelathini.

Nitakujibu kwa ukweli, kwa sababu hauko katika dunia yangu. Mstari wa ishirini na saba niliuandika mimi, na nilijua ninaandika nini. Mwaka ule tulikuwa tunapiga hesabu kwa kadi zilizotobolewa, kadi moja kwa kila mstari wa programu, na mashine ya chuo ilikuwa yangu saa moja tu kwa wiki. Kufunga ukingo kulipunguza kazi. Nilikusudia kuufungua baadaye. Lakini matokeo yalipendeza, yakasifiwa, nikapewa nafasi, kisha wanafunzi, na kila mwaka kufungua kulizidi kuwa kugumu. Wanafunzi kumi na wanne wamepata shahada kwa programu ile. Baadhi yao ni maprofesa sasa.

Chisato yuko sahihi. Nimemtaka aiondoe tu sura ya nne ya tasnifu yake, inayoeleza kosa hilo. Sura tatu zinazobaki zinamtosha kwa shahada, na kuna nafasi ya kufundisha Kumamoto inayosubiri barua yangu ya kumpendekeza. Mimi nastaafu baada ya miezi kumi na minne. Baada ya hapo aiandike anavyotaka. Nakuomba umshauri asubiri. Wewe anakusikiliza.

Hirabayashi Yoshiharu


Kusabuchi
15 Januari 1993

Chisato,

Tumekata mianzi wiki hii. Mikono imepasuka, vizuri tu.

Nakuuliza jambo na unijibu kwa mwandiko wako mbaya, ule wa kweli. Mtu akikuambia ngoja mwaka mmoja na kidogo, kisha useme kila kitu bila madhara, na hapo katikati upate kazi na nyumba yenye jua, utangoja? Sikuambii ungoje. Sikuambii usingoje. Nauliza.

Kinue


Fukuoka
28 Januari 1993

Bibi!

Umemwandikia! Umemwandikia Mwalimu wangu! Ameniita ofisini, akaniambia, "Bibi yako ana kalamu kali," basi, akageukia dirisha. Nilitaka sakafu inimeze. Mimi nina miaka ishirini na nane, Bibi. Wenzangu wakijua nitaitwa mjukuu wa makapu mpaka nife.

Nilikuficha ili usifanye hivyo hivyo ulivyofanya. Sasa jua yote. Desemba alinitaka niondoe sura ya nne. Hakupiga kelele. Alisema, "Fikiria wenzako kumi na wanne." Tangu siku ile hakuna anayekula na mimi mchana. Kaka yangu wa chuo aliyenikabidhi programu ananipita kwenye ngazi kama mimi ni ndoo.

Kuhusu swali lako. Miezi kumi na minne si mirefu. Lakini wadogo zangu wawili wa chuo wanaanza Aprili, na mimi ndiye wa kuwakabidhi ile programu. Kwa mikono miwili. Niwaambie arobaini haiguswi? Nikishasema hivyo mara moja, Bibi, mimi nami nitakuwa nimefunga ukingo.

Kikao changu cha kutetea tasnifu ni tarehe 19 Februari, saa nane mchana. Kikao ni cha wazi lakini hakuna mtu wa nje anayekuja, na wewe USIJE.

Chisato


Kusabuchi
22 Februari 1993

Chisato,

Nilikuja.

Nilipanda treni ya asubuhi na suruali yangu ya kazi, maana kimono kina nondo. Mlangoni mama mmoja akaniuliza, "Mama, umepotea? Kliniki ya macho ni jengo la pili." Nikamjibu, "Imebandikwa hapa kwamba kikao ni cha wazi. Mmekifunga?" Akanipa kalamu nijiandikishe. Nikakaa nyuma kabisa, nyuma ya jitu moja refu, ndiyo maana hukuniona.

Ulianza kwa kutetemeka. Nikakutukana kimoyomoyo. Ulipofika sura ya nne ukaacha kutetemeka. Kati ya wale wazee watano wa jopo, mwenye tai ya kijani alikuwa anasinzia wazi wazi, na mwalimu wako amekaa katikati kama sanamu ya hekaluni. Nimeyashika maneno yote, nakuandikia ili siku moja usije ukayapunguza.

Akasema, "Sura tatu za kwanza zinatosha. Bado unaweza kuiondoa ya nne."

Ukasema, "Ninaelewa, Mwalimu."

"Basi?"

"Siiondoi."

"Programu hiyo ina miaka kumi na minane. Watu kumi na wanne wamepita kwayo. Wote hawakujua kuhesabu?"

"Walijua kuhesabu, Mwalimu. Hawakusoma mistari arobaini ya kwanza. Hata mimi sikuwa nimeisoma. Tulikuwa tunaiheshimu."

Yule wa tai ya kijani akaamka. Nilimwona. Akauliza, "Na ukiuachia ukingo?" Ukamjibu umeuachia kwenye karatasi ya matundu tisa kila upande, ya thelathini na sita na ya mia moja arobaini na nne, na kote hakuna kinachojipanga kwenye baridi ile. Akaandika kitu.

Kisha mwalimu wako, akiwa mkuu wa kikao, akauliza kama inavyotakiwa, "Kuna swali kutoka kwa wasikilizaji?" Kila mtu akatazama viatu vyake. Yeye akanitazama mimi.

Sasa sikia nililokuficha. Mkobani nilikuwa na barua yake ya Januari. Ameandika kwa mkono wake kwamba alijua, tangu siku ya kwanza alijua, na kwamba wewe uko sahihi. Ameniomba nikushauri ungoje. Ndiyo maana nilikuuliza lile swali. Nakiri, kwa siku tatu nilitaka uniambie utangoja. Nyumba yenye jua si kitu kidogo kwa mtoto aliyekulia kwenye vumbi la mianzi.

Mkono wangu ulikuwa umeshafungua mkoba. Ningesimama, ningesoma, mambo yangekwisha hapo hapo. Nikaufunga. Ulikuwa umesimama peke yako pale mbele, hakuna aliyekushika, na hukuanguka. Kama ningefungua mdomo, kesho wangesema umeshinda kwa barua ya bibi yako.

Nikamngoja kwenye korido. Akainama. "Mama Anan, umekuja na barua yangu."

"Shika."

Akaipokea kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuisoma?"

"Ni yako. Isome mwenyewe, na uchague mahali pa kuisomea."

Akaitia ndani ya koti.

Nikarudi na treni ya saa kumi na moja. Kama umekasirika, kasirika sawasawa.

Bibi yako


Fukuoka
9 Machi 1993

Bibi,

Nimekasirika. Siku mbili nzima. Ulikuwa na uamuzi wa maisha yangu mkobani, katikati ya leso na machenza, ukakaa nao kimya nyuma ya jitu refu! Niliandika barua tatu za kukutukana, ya tatu ilikuwa nzuri sana, nimeichana kwa uchungu.

Habari ni hizi. Jopo halikufikia uamuzi. Wawili walinikubali, wawili walinikataa, na Mwalimu hakupiga kura. Juzi amejitoa kwenye jopo. Sababu aliyoandika ni afya. Kikao kitarudiwa Juni, na mwenyekiti atakuwa yule wa tai ya kijani. Nafasi ya Kumamoto amepewa mtu mwingine. Machi hii sivai joho, Bibi. Najua ulishawaambia majirani. Waambie tena.

Meza yangu imehamishiwa stoo, pamoja na viti vilivyovunjika. Jana Mwalimu alikuja huko. Nilisimama, nikainama, hakuketi. Aliweka mezani boksi la viatu lililofungwa kamba. Ndani mna kadi za mwaka 1975, zenyewe, na iliyo juu kabisa ni ya ishirini na saba. Ameizungushia wino mwekundu. Akasema, "Utazihitaji Juni." Nikamwuliza, "Mwalimu utakuwepo?" Akasema, "Sijui kama nina ujasiri huo." Akaondoka.

Sijamsamehe. Lakini nimezihesabu kadi, ziko zote.

Wadogo zangu wawili wamefika mapema, wanauliza programu iko wapi. Nimewapa. Nimewaambia waanze kusoma mstari wa kwanza, na wakifika arobaini waje wanibishie.

Chisato


Kusabuchi
14 Machi 1993

Chisato,

Majirani nimewaambia. Uragami wa duka la tofu ya soya akasema, "Pole, Kinue, kumbe mtoto amefeli." Nikamwambia mtoto wangu amekataa, na kama hajui tofauti ya kufeli na kukataa basi tofu yake nayo inajieleza. Sinunui tena kwake mpaka Juni.

Mwalimu usimsamehe haraka. Mwache abebe kidogo. Lakini akija Juni, mpe kiti.

Wamekupa miezi mitatu wakidhani utachoka na kuikunja hiyo sura mwenyewe. Hawajakuona ukiwa na miaka saba, umekataa kula karoti mpaka jua likazama na mimi ndiye niliyeshindwa. Ile karatasi ya mia moja arobaini na nne, waliikubali wawili. Fanya ya mia mbili themanini na nane. Ikiwa kompyuta inalia, iache ilie. Halafu fanya kubwa kuliko hiyo. Nenda nayo pale mbele, uiweke mezani.

Atakayetaka kuiondoa, aje aibebe mwenyewe.

Anan Kinue